Kuingiza boriti na nguzo kwenye modeli na kuachia ncha zake: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yale yale kila wahitimu wapya wanapoingia ofisini. "Programu inasema muundo hausimami, nifanyeje?" "Nimeachia momenti, mbona mnepo haujabadilika?" "Niachie ncha ipi?" Mwongozo huu unayajibu kwa pamoja; kuachia momenti ni kuiambia programu kwamba ncha ya memba haipokei nguvu ya kupinda. Umelengwa kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho pale CoET (Chuo cha Uhandisi na Teknolojia cha UDSM), DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo Kikuu Ardhi, na kwa mhandisi mhitimu aliye kwenye SEAP (mpango wa mafunzo kazini kwa wahandisi wahitimu) ambaye amekabidhiwa modeli ya godauni la Vingunguti na kuambiwa ailete kesho asubuhi.

Uwe unatumia programu gani ya kuchambua miundo, SAP2000, ETABS, STAAD.Pro au Robot, kazi ni ile ile. Menyu zinatofautiana, na zinabadilika kila toleo, kwa hiyo hapa hatutataja vitufe vya kubonyeza.

Kabla hujaanza

Weka haya mezani:

- Mchoro wa viungo, hata kama ni wa penseli. Kama haupo, muulize anayesanifu viungo au fundi atakayevitengeneza. Bila huo utakuwa unabahatisha rilisi (huko kuachia ncha).
- Jedwali la vyuma. Mfano wetu utatumia IPE 300: eneo 53.8 cm², I (ukinzani wa sehemu dhidi ya kupinda) ya mhimili mkuu 8356 cm⁴, I ya mhimili mdogo 604 cm⁴, W ya elastiki 557 cm³, uzito 42.2 kg kwa mita.
- Vizio vya aina moja. Ukichagua kN na m, E (ukakamavu wa chuma chenyewe) ni 210,000,000 kN/m². Ukichagua N na mm, ni 210,000 N/mm². Andika juu ya karatasi umechagua kipi.
- Majina ya mihimili ya memba katika programu yako. SAP2000 na ETABS huita momenti kuu ya boriti M3 (au M33), STAAD.Pro huiita Mz, Robot huiita My kama Eurocode (viwango vya Ulaya). Aliyesoma kwa vitabu vya BS (viwango vya Uingereza) amezoea x-x. Ukihama programu bila kuangalia hili, utaachia mhimili mdogo ukidhani umeachia mkuu.
- Kikokotoo na karatasi. Ndiyo, hata leo.

Nadharia, kidogo tu

Nodi moja kwenye modeli ya pande tatu ina miondoko sita: kusogea mara tatu na kuzunguka mara tatu. Ukichora memba kati ya nodi mbili, programu huzishika ncha zake kwa miondoko yote sita. Yaani kila kiungo, usipogusa kitu, kimekazwa kabisa. Rilisi ni kuiambia programu kwamba ncha hii ya memba hii haipokei kani au momenti fulani kutoka kwenye nodi. Nodi yenyewe inabaki na miondoko yake. Shika hilo la mwisho, kwa sababu nusu ya matatizo ya huko chini yanaanzia hapo.

Hatua

1. Tazama kiungo kabla ya kugusa programu

Rilisi inatoka kwenye bolti na mchomeleo, haitoki kwenye menyu. Chukua boriti ya IPE 300 inayofungwa kwenye nguzo kwa bamba moja la wima: bamba la mm 220 × 100 × 10, limechomelewa kwenye nguzo kwa mchomeleo wa pembe wa mm 8 pande zote mbili, bolti tatu za M20 daraja 8.8 zinapita kwenye webu (ukuta wa wima) ya boriti kwa matundu ya mm 22, na kuna mwanya wa mm 10 hivi kati ya ncha ya boriti na uso wa nguzo. Flenji (bapa za juu na chini) hazijashikwa na chochote. Kiungo hiki ni pini: kinabeba shia (kani ya kukata), na boriti ikinepa ncha yake inazunguka kidogo kwa kuwa matundu yana nafasi na bamba ni jembamba. Achia momenti.

Sasa chukua boriti ile ile yenye bamba nene la mwisho, bolti juu ya flenji ya juu na nyingine chini ya flenji ya chini, na mabamba ya kukaza ndani ya nguzo mkabala na flenji. Hicho kimekazwa. Usiachie.

Halafu kuna cha tatu, ambacho mjini hapa utakikuta sana: mchoro ulionyesha bamba na bolti, lakini bolti hazikufika kwa wakati, fundi akachomelea boriti kwenye nguzo mzunguko mzima, flenji na webu. Modeli yako ina pini, godauni lina kiungo kilichokazwa nusu, na nguzo inapokea momenti ambayo hukuihesabu. Kwa sababu hiyo andika kwenye mchoro wa kiungo, kwa maneno, "flenji zisichomelewe". Mstari mmoja tu, nao una kazi kubwa kuliko kurasa kumi za matokeo ya kompyuta.

2. Weka nodi na mistari

Chora kila memba kwenye mstari wa kati wa sehemu yake. Boriti zinazokutana lazima zishiriki nodi moja. Ukiingiza mistari kutoka kwenye mchoro wa AutoCAD, mara nyingi ncha zimeachana kwa mm 2 au 3. Kwa jicho zimegusana, kwa programu ni nodi mbili zisizojuana. Tumia amri ya kuunganisha nodi zilizo karibu, uvumilivu wa mm 5 hadi 10 unatosha kwa jengo la kawaida. Usiweke mm 100, utameza nodi za viungo halisi.

Boriti ndefu iache iwe kitu kimoja, acha programu iigawe yenyewe ndani. Ukiigawa kwa mkono vipande vinne kisha ukachagua vyote na kuviachia ncha zote mbili, umetengeneza bawaba tatu katikati ya boriti. Hili ndilo kosa namba moja kwa wanaoanza, na programu ikikwama hapo ujue imekuokoa.

3. Weka sehemu na uelekeze memba

Ukishaipa kila memba sehemu yake, washa picha ya sehemu zenye umbo na utazame kwa macho: boriti zote zisimame, flenji juu na chini. Kwa nguzo, hakikisha webu inaelekea upande uliokusudiwa. HEB 200 ina I ya 5696 cm⁴ upande mmoja na 2003 cm⁴ upande mwingine. Ukiizungusha digrii 90 bila kujua, ukakamavu wa upande ule unashuka karibu mara tatu. Washa pia mishale ya mihimili ya memba. Usiweke rilisi hata moja kabla hujaiona mishale hiyo, na ujue ncha ipi ni ya mwanzo na ipi ni ya mwisho.

4. Tengeneza boriti ya majaribio

Hii huchukua dakika kumi na inakuonyesha kama umeielewa programu. Fungua faili jipya. Boriti moja ya IPE 300, mita 6, nodi zote mbili zimeshikwa miondoko yote sita. Zima uzito wake wenyewe. Weka mzigo wa 15 kN/m, ambao ni kama sakafu ya ghorofa ya kati ya godauni yenye 5 kN/m² na boriti kila mita 3. Endesha mara tatu:

- Bila rilisi: momenti kwenye ncha 45 kNm, katikati 22.5 kNm, mnepo mm 2.9.
- Momenti kuu imeachiwa ncha moja: ncha iliyobaki 67.5 kNm, momenti kubwa ya tumboni 38.0 kNm, mita 2.25 kutoka ncha iliyoachiwa; kani za egemeo 56.25 na 33.75 kN, mnepo mm 6.0.
- Momenti kuu imeachiwa ncha zote: ncha sifuri, katikati 67.5 kNm, mnepo mm 14.4.

Ukipata mm 14.8 badala ya 14.4, programu yako inahesabu na mnepo wa shia, ni sawa. Ukipata 69.4 kNm badala ya 67.5, uzito wa boriti haujazimwa. Na kwenye jaribio la pili ukisoma 33.75 kNm badala ya 38.0, programu inatoa matokeo kwenye ncha na katikati tu, ikaruka kilele. Ongeza vituo vya kutolea matokeo hadi 9 au zaidi.

Tofauti ya mnepo kati ya jaribio la kwanza na la tatu ni mara tano, na hapa ndipo hela na usalama vinapopotea. Anayesahau rilisi anaona IPE 240 (I ya 3892 cm⁴) inanepa mm 6.2 tu, anafurahi, anaichagua. Site wanafunga kwa bamba na bolti, boriti inanepa mm 31, na momenti ya katikati inakuwa mara tatu ya ile ya katikati aliyoiona kwenye modeli.

5. Achia ncha

Kwa boriti ya pini ncha zote mbili, achia momenti ya mhimili mkuu na ya mhimili mdogo, mwanzo na mwisho. Basi. Shia usiiguse. Kani ya urefuni usiiguse.

Msokoto una sheria yake: usiuachie kamwe ncha zote mbili. Memba iliyoachiwa msokoto huku na huku inazunguka yenyewe kama kuku kwenye chuma cha kuchomea, na hesabu inakwama. Programu nyingi hukataa, nyingine hukubali kimya kimya halafu zinakupa mzunguko wa ajabu. Mazoea salama kwa anayeanza ni kutouachia kabisa.

Kani ya urefuni huachiwa pale tu kuna tundu refu la kuteleza, na ncha moja tu. Sababu yake ni joto. Chuma hurefuka sehemu 12 kwa milioni kwa kila digrii moja, yaani 12 × 10⁻⁶; boriti za mita 30 zikipanda digrii 20 zinadai mm 7.2. Zikizuiwa kabisa, IPE 300 inasukuma kwa karibu 271 kN. Lakini tundu refu karibu na bahari, kule Kigamboni au Msasani, likipakwa rangi nzito au likishika kutu haliteleziki. Kama hakuna mpango wa bamba la kuteleza lisiloshika kutu na bolti isiyokazwa mpaka mwisho, hesabu pia hali ambayo tundu limekwama.

6. Pitia nodi moja moja

Kila nodi isiyo na egemeo lazima ibaki na angalau memba moja inayoishika kwenye kila mzunguko. Zikikutana memba nne na zote zimeachiwa, nodi inabaki inaelea: haina kinachoizuia kuzunguka, na ukakamavu wake ni sifuri. Kama nguzo inapita juu hadi chini bila kukatwa, yenyewe inaishika nodi, na boriti zote nne unaweza kuziachia bila wasiwasi.

Kuna mitego miwili hapa.

Wa kwanza ni egemeo la pini pamoja na rilisi mahali pamoja. Nguzo imekaa kwenye egemeo lililo huru kuzunguka, halafu na ncha ya chini ya nguzo umeiachia momenti. Sasa nodi ya egemeo haishikwi na mtu. Chagua kimoja: ama egemeo liwe huru, ama ncha iachiwe.

Wa pili unasumbua sana: nguzo yenye pini chini kwa mizunguko yote mitatu, na boriti zote juu yake zimeachiwa momenti za mihimili miwili. Hakuna kinachoizuia nguzo kujizungusha kwenye mhimili wake wa wima. Dawa yake ni kushika mzunguko wa wima pale chini. Bamba la msingi lenye bolti, hata mbili tu, linauzuia kweli, kwa hiyo hudanganyi.

Ukishamaliza nodi, tazama jengo zima. Fremu ambayo boriti zote ni pini na nguzo zote ni pini chini haiwezi kusimama bila bresi (memba za mshazari za kuzuia kuyumba) au ukuta wa zege. Upepo wa kusi ukiisukuma italala, na programu inaposema hivyo haina kosa. Rudi kwenye mchoro uulize nani anabeba kani za ulalo.

7. Kenchi

Usiweke kenchi nzima kuwa memba za pini kwa sababu kitabu cha mwaka wa pili kilisema hivyo. Memba ya juu na ya chini huwa ni chuma kimoja kirefu kinachopita kwenye viungo kadhaa. Ziache ziendelee bila rilisi, isipokuwa pale zinapoungwa kweli kwa pini. Memba za ndani, za wima na za mshazari, ndizo unaziachia momenti za mihimili yote miwili kwenye ncha zote. Hivyo kila nodi inashikwa na memba inayopita.

Faida yake inaonekana papi (memba ndogo zinazobeba bati) zikikaa katikati ya nodi mbili. Bati hapa huamua nafasi ya papi, na nafasi hiyo ni nadra kulingana na nodi za kenchi. Memba ya juu inapinda kweli, na momenti hiyo lazima uihesabu kwenye usanifu. Ukitumia elementi za kenchi tupu, zisizojua kupinda, mzigo wa katikati unasukumwa kwenye nodi na momenti inapotea bila onyo.

8. Bresi

Achia momenti, ncha zote. Bresi za umbo la X za fito au engo nyembamba hubeba mvuto (kuvutwa) tu. Ukiziwekea kikomo hicho, lazima hali ya mzigo iwe isiyo ya mstari (nonlinear). SAP2000, kwa mfano, hupuuza kikomo hicho kwenye hali ya mstari na kuiacha bresi ibebe mgandamizo. Na usijumlishe matokeo ya hali mbalimbali baadaye: endesha kila mchanganyiko wa mizigo kama hali yake.

Zinapokatizana, kama hazijafungwa pamoja usiweke nodi. Kama zimefungwa kwa bolti, weka nodi lakini acha bresi moja ipite bila kukatwa. Ukizikata zote mbili kuwa vipande vinne vya pini, nodi ya katikati iko huru kutoka nje ya ukuta.

9. Zege

Hapa kuwa bahili wa rilisi. Boriti ya zege iliyomwagwa pamoja na nguzo ina nondo zinazoingia ndani ya nguzo. Imekazwa, utake usitake.

Kinachozua maswali ni boriti ndogo inayotua kwenye ubavu wa boriti kubwa. Modeli inaonyesha boriti kubwa inasokotwa, na programu ya usanifu inadai ringi nyingi kupita kiasi. Msokoto huo unatokana na mzunguko wa boriti ndogo, na ukipunguzwa mzigo hupata njia nyingine. Eurocode 2 na BS 8110 zote zinaruhusu kutousanifia katika hali ya aina hii, mradi nondo na ringi za kiwango cha chini kinachotakiwa ziwepo. Punguza kigezo cha msokoto cha boriti kubwa hadi 0.1 au chini zaidi, au achia momenti ya boriti ndogo. Ya kwanza ni bora, maana nodi hazibaki zikielea.

Ukiachia, usiache juu pakiwa patupu. Eurocode 2 inataka egemeo lililodhaniwa kuwa pini, kama zege limemwagwa pamoja, lisanifiwe kwa angalau 0.15 ya momenti kubwa ya katikati. Kwa katikati ya 67.5 kNm, hiyo ni 10.1 kNm, na nondo zake ziende juu. Wasiofanya hivyo huitwa site baadaye kuangalia nyufa.

Kuna pia rilisi ambayo hukuiweka. Elementi za ujazo, na zile za bapa zinazobeba kani za ndani ya bapa tu, hazina mzunguko kwenye nodi. Boriti ukiichomeka kwenye nodi moja ya ukuta wa aina hiyo, imekuwa pini hata kama hujaigusa. Iingize boriti ndani ya ukuta elementi moja au mbili, au tumia ganda lenye miondoko yote.

10. Kiungo cha nusu

Kama kiungo si pini na hakijakazwa, weka springi ya mzunguko kwenye rilisi. Eurocode 3 sehemu ya 1-8 inatoa mipaka: chini ya 0.5EI/L ni pini; juu ya 8EI/L kimekazwa kwa fremu ambayo bresi zinapunguza kuyumba kwake kwa angalau asilimia 80, na 25EI/L kwa nyingine. Kwa boriti yetu EI/L ni 2925 kNm kwa radiani, kwa hiyo mipaka ni takriban 1460, 23,400 na 73,100.

Jaribu kwenye boriti yako ya hatua ya 4: springi ya 1462 kila ncha inapaswa kutoa 9 kNm kwenye ncha na 58.5 katikati. Ya 23,400 inatoa 36 na 31.5. Ukipata namba nyingine kabisa, vizio ndivyo vimekosewa: 1462 kNm ni 1,462,000,000 N mm.

Kama hujui ukakamavu wa kiungo, na mara nyingi hutaujua, usibuni. Endesha modeli mara mbili, kimoja pini, kingine kimekazwa, usanifie boriti kwa ya kwanza na kiungo na nguzo kwa ya pili. Inagharimu chuma kidogo zaidi. Kwa anayeanza ni bei nafuu.

11. Rudisha momenti ya nguzo

Rilisi kwenye modeli iko katikati ya nguzo, lakini bolti ziko nje ya uso wake. Kwa hiyo modeli inaipa nguzo momenti sifuri, jambo ambalo si kweli. BS 5950 huchukua kani ya boriti ikikaa mm 100 kutoka uso wa nguzo. Kwa 45 kN na HEB 200 yenye kina cha mm 200, hiyo ni 45 × (0.1 + 0.1) = 9 kNm, inayogawanywa kati ya nguzo ya juu na ya chini kwa ukakamavu wao. Ongeza kwa mkono, au weka ofuseti ya ncha (umbali kati ya nodi na ncha halisi ya memba) ili rilisi ikae mahali pake. Nguzo ya pembeni, yenye boriti upande mmoja tu, ndiyo inayoumia.

12. Kagua kabla ya kusanifu

Jumlisha kani za egemeo zilingane na mzigo uliouweka: boriti ya majaribio inatoa 90 kN, hakuna cha 88. Tazama umbo lililonepa kwa kulikuza. Kwenye pini mstari wa boriti uonekane umevunjika kona, na kwenye kiungo kilichokazwa pembe ya digrii 90 ibaki vile vile. Tazama mchoro wa momenti: sifuri kwenye kila rilisi, wala si "karibu sifuri".

Ikigoma

*Programu inasema muundo hausimami, au mnepo unasoma milioni za milimita.* Endesha uchambuzi wa mitetemo na utazame umbo la kwanza likicheza. Masafa yakiwa karibu na sifuri, kinachocheza ndicho kilicholegea: memba inayojizungusha, nguzo inayojisokota, fremu inayolala. Ikikataa hata hiyo, ondoa rilisi zote, endesha, kisha zirudishe kundi kwa kundi mpaka igome tena.

*Imeendesha ila kuna onyo dogo.* Lisome. Baadhi ya programu huongeza springi dhaifu kwenye nodi iliyolegea na kuendelea, na matokeo yanaonekana ya kawaida. Onyo moja la mzunguko wa nodi ambayo memba zake zote zimeachiwa linaweza lisiwe na madhara. Onyo la kusogea ni hatari siku zote.

*Nimeachia lakini mnepo haujabadilika.* Umeachia mhimili mdogo, au hujaendesha upya na unasoma matokeo ya zamani.

*Mzunguko wa nodi ni sifuri ilhali boriti imezunguka.* Ni sawa. Unasoma mzunguko wa nodi, siyo wa ncha ya memba. Kwenye rilisi hivyo viwili havifanani.

*Momenti haifiki sifuri kwenye rilisi.* Angalia kama kuna ofuseti ya ncha au springi iliyobaki. Angalia pia kama memba mbili zimelaliana kati ya nodi zile zile. Hutokea ukinakili ghorofa mara mbili. Moja imeachiwa, nyingine haijaachiwa, na mzigo wa uzito unakuwa mara mbili.

*Kani ya urefuni haieleweki: ni kubwa bila sababu, au ni sifuri.* Ikiwa kubwa na umeweka mzigo wa joto, maegemeo ya pande zote mbili yanazuia kurefuka. Ikiwa sifuri pale unapotarajia mvuto, tazama sakafu: diafragma ngumu (sakafu iliyowekwa iwe bapa moja lisilobadilika umbo) huzuia nodi zake zisisogeleane, na memba ya chini ya kenchi iliyoingizwa kwenye diafragma hiyo itasoma kani sifuri huku diafragma ikibeba mvuto wote kimya kimya. Itoe kenchi kwenye diafragma, uendeshe tena.